Masomo ya Ng'ambo na Lugha Ngeni: Faida na Gharama Zake

(Mazungumzo ya bwana shamba mstaafu mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Msanzi)



Aliyeniandikia barua ya mwaliko aliniomba nizungumze juu ya faida ya kusoma nchi za nje na kujifunza lugha mpya. Nilimjibu kwamba mimi si mwanafunzi wa zamani wa hapa. Mimi ni mtoto wa Msanzi, lakini nilipomaliza darasa la saba, sekondari kwetu ilikuwa ni habari ya kufunga godoro na kuaga watu. Akaniandikia tena: "Njoo tu, mzee. Wewe ndiye mtu wa pekee hapa jirani anayeweza kumgombeza ng'ombe kwa Kirusi." Sikuwa na la kujibu. Ndiyo maana nimesimama hapa.

Habari za Urusi nitazisema, lakini si kwanza. Nitaanza na Karema, pale ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, mahali palipokuwa katika mkoa wetu wa Rukwa hadi ulipoundwa Mkoa wa Katavi mwaka 2012. Wazee walio mbele wanalijua jina la Daktari Atiman. Vijana, naona kwa nyuso zenu kwamba hamlijui. Basi sikilizeni.

Adrian Atiman alizaliwa mnamo mwaka 1866 kando ya mto Niger, upande wa Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa bado mtoto mdogo aliibwa na wafanya biashara ya watumwa, akavushwa jangwa la Sahara mpaka Algeria. Huko Mapadri Weupe walimkomboa kwa fedha, wakamtia shuleni. Fikirini hali ya mtoto yule. Lugha ya mama yake haikumfaa kitu tena, maana pale alipofikishwa ilikuwa ni sauti tu. Masikio yake yalijaa Kiarabu cha watu wa nchi ile na Kifaransa cha walimu wake. Kisha Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lile, akawapeleka vijana kama yeye kisiwani Malta wakasomee utabibu. Malta nayo ilikuwa na yake: katika chuo kikuu Kiitaliano ndicho kilichotawala, na watu wa sokoni walisema Kimalta, ambacho ni ndugu wa Kiarabu. Kijana akasoma, akamaliza mwaka 1888. Mwaka 1889 alifika Karema, umri wake wapata miaka 23, akaoa mke wa huku huku kwetu, akaishi na kutibu watu hapo mpaka alipofariki mwaka 1956. Hesabuni wenyewe: miaka 67. Mwaka 1946 habari za maisha yake, kwa maneno yake mwenyewe, zilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records.

Mtu asije akatoka hapa akasema nimeusifu utumwa. Safari ya kwanza ya Atiman ilikuwa dhuluma tupu, na hakuna masomo yanayoweza kuifidia. Ninalotaka mlitazame ni jambo jingine. Daktari huyu alipofika Karema alikuwa na elimu yote ya Malta kichwani, lakini elimu ile ilikuwa imefungwa katika lugha ambazo mgonjwa wa Karema hakuzijua hata neno moja. Dawa ya kwanza ya tabibu ni swali: panauma wapi, tangu lini, umekula nini? Na mtu mwenye maumivu hasemi lugha ya shule. Anasema lugha aliyonyonya. Basi yule bwana, ambaye alikuwa amekwisha badilisha lugha mara tatu au nne bila kuulizwa, akaanza tena kama mtoto wa darasa la kwanza. Kama asingeanza, Malta ingebaki Malta, na Karema ingebaki na mgeni mmoja zaidi mwenye sanduku la chupa.

Hilo ndilo nililokuja kusema. Cheti mtu hukipata darasani. Lakini kile tunachokiita kusoma ng'ambo, yaani kuingia katika nyumba ya watu wengine, ukaona wanavyofikiri, ukatoka na kitu mkononi, hicho hupatikana kwa lugha. Na hakijawa faida mpaka kimevushwa tena kwa lugha nyingine hadi kwa watu wako. Wako watu waliokaa nchi za nje miaka kumi wakaishia ukumbini, mlango wa ndani hawakuufungua.

Sasa Urusi. Nilikwenda Moscow mwaka 1979, nikarudi mwaka 1985. Nilisoma katika Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa kilichoitwa kwa jina la Patrice Lumumba. Chuo kile kilifunguliwa mwaka 1960 kwa ajili ya vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, kikapewa jina la Lumumba mwaka 1961 baada ya kuuawa kwake. Mwaka 1992 jina hilo liliondolewa, na mwaka 2023 likarudishwa. Masomo na bweni vililipiwa na serikali ya huko, lakini msidhani kwamba hapa nyumbani hapakutoka kitu. Baba yangu mdogo aliuza fahali mmoja ili nipate suti, viatu na blanketi. Blanketi lile lilichekesha watu wa bwenini. Sisi watu wa Ufipa huwa tunajivuna kwamba baridi ya mwezi wa saba tumeizoea. Nawaambieni ile ni baridi ya watoto.

Mwaka wa kwanza mzima hatukusoma kilimo. Tulisoma Kirusi. Darasa letu lilikuwa dogo, na mwalimu, mama mmoja mfupi mwenye miwani, alikataa katakata kusema Kiingereza, ingawa nina yakini alikijua. Mkononi nilikuwa na kamusi ya Kiswahili na Kirusi iliyochapishwa mwaka 1961, ya Profesa Olderogge. Jirani yangu alitoka Peru, mwingine Bangladesh, mwingine Madagaska. Hatukuwa na lugha ya pamoja isipokuwa ile tusiyoijua. Kwa hiyo sentensi ya kwanza ya Kirusi niliyoisema na ikaeleweka sikumwambia Mrusi. Nilimwambia yule kijana wa Peru, kwamba supu imepoa. Akanijibu kwamba jana pia ilikuwa imepoa. Tukafurahi kama watu waliopata mali.

Kirusi kina herufi 33, na hizo si taabu. Katika juma la pili unazisoma. Taabu ni kwamba jina hubadilisha mkia wake kufuatana na kazi inayofanya katika sentensi, mara sita, na sifa lazima ifuate jina lake popote linapokwenda. Wenzetu waliozoea Kiingereza walilia. Mimi nikaona jambo la ajabu: halikunishtua sana. Kwani nani kati yenu husema "kitabu mzuri"? Tangu utoto tunajua kwamba neno moja likivaa "ki" majirani zake nao huvaa "ki", na likivaa "vi" wote hubadili nguo. Katika Kifipa ni vile vile, na watoto wa Kimambwe na Kilungu walio hapa watanishuhudia kwamba kwao ni hivyo hivyo. Warusi wanavalisha maneno yao mkiani, sisi tunavalisha mbele. Basi. Mzigo niliodhani unanirudisha nyuma, yaani kuzaliwa katika lugha ambayo haina hata gazeti, ndio ulionibeba katika mtihani wa kwanza.

Tena kujifunza lugha ngeni kulinifundisha ile ya kwangu. Siku moja mwalimu aliniuliza: katika Kiswahili unatofautishaje kazi iliyokwisha na kazi iliyokuwa ikiendelea? Katika Kirusi jambo hilo ni kubwa, maana karibu kila kitenzi kina pacha wake, mmoja wa kazi iliyotimia na mmoja wa kazi isiyotimia. Nilisimama ubaoni nikaandika alisoma, amesoma, alikuwa akisoma, husoma, akasoma. Niliyatazama maneno yale kana kwamba ameyaandika mtu mwingine. Nilikuwa nimeyatumia maisha yangu yote bila kujua nina ghala la namna ile. Na kitenzi cha "kwenda" kwao si kimoja. Kwenda kwa miguu ni neno lake, na kwenda kwa chombo ni neno lake. Mwalimu akaniuliza nilikwendaje shuleni nilipokuwa mdogo. Nikatumia lile la miguu. Akaniuliza na kanisani? La miguu. Na Sumbawanga mjini? Nikasema, mama, lile neno la pili nitalitunza, nitalitumia nikirudi na mshahara.

Niwape mfano mmoja wa kazi yangu, maana huu ndio ulionifanya niamini ninayoyasema. Elimu ya udongo, kama inavyosomwa leo duniani kote, ilizaliwa Urusi. Mwaka 1883 bwana mmoja, Vasily Dokuchaev, alichapisha kitabu juu ya udongo mweusi wa nchi yake. Kabla ya hapo wataalamu wengi waliuona udongo kama jiwe lililosagika tu. Yeye akasema la, udongo ni kitu kinachozaliwa na kukua. Wazazi wake ni mwamba ulio chini, hali ya hewa, viumbe vyenye uhai, umbo la ardhi na muda. Hata majina yamebaki ya Kirusi katika vitabu vya Kiingereza na vya Kifaransa: chernozemu, yaani ardhi nyeusi, podzoli, yaani kilicho chini ya majivu. Mwanafunzi wa Kiingereza hukariri maneno haya kama dua asiyoijua maana. Sisi tuliokuwa na Kirusi tuliyasikia kama mkulima anavyoyasikia, kwa sababu ni maneno ya mkulima.

Nilipokuwa nasikiliza mhadhara ule nilimkumbuka bibi yangu na matuta yake ya ntumba. Vijana wengi mmeyaona, wengine mmeyalima: majani yanafunikwa na mabonge ya udongo mvua zikielekea mwisho, yanaoza ndani, maharage yanapandwa juu, na msimu unaofuata tuta linatawanywa, unapandwa ulezi au mahindi. Shuleni tuliyahesabu matuta yale kuwa kilimo cha kizamani. Pale Moscow, kwa lugha ya watu wengine, nikaelewa kwamba bibi yangu alikuwa akiulisha udongo wa mlimani usio na nguvu nyingi, na alikuwa akijua anachokifanya. Ilibidi nisafiri maelfu ya kilomita ili nimheshimu mtu niliyekula naye sahani moja.

Sasa niseme la gharama, maana mzungumzaji anayetaja faida peke yake anauza kitu.

Mama yangu alifariki Februari 1982, mvua zikiwa kali na barabara imekatika. Barua ilinifikia mwezi wa nne. Amekwisha zikwa, matanga yamekwisha anuliwa, na mimi nilikuwa kati ya siku hizo nacheza mpira na kula. Sikuweza kurudi. Tikiti ilikuwa ni ya kwenda na ya kurudi baada ya masomo, na fedha nyingine haikuwapo. Siku ile nilikaa kwenye ngazi za bweni, barua mkononi. Mlangoni palikuwa na bibi mlinzi, mtu mkali sana, aliyekuwa akitufokea kila tulipochelewa kurudi. Akaniuliza nina nini. Nikamwambia. Nilikuwa na Kirusi cha kutosha kumwambia mama yangu alikuwa mtu wa namna gani, alivyoimba akitwanga, na kwamba barua imechukua miezi miwili. Yule bibi akaketi ngazini karibu nami. Alikuwa mtu wa Leningrad. Katika vita vya Hitler mji ule ulizingirwa siku 872, tangu Septemba 1941 mpaka Januari 1944, watu wakafa kwa njaa majumbani. Mama yake na mdogo wake walikufa humo, na hakujua hata kaburi lao ni lipi. Alinisimulia mpaka usiku. Kesho yake alikuja na bakuli la ngano iliyochemshwa na kutiwa asali, ambayo ndiyo wao hula wanapomkumbuka marehemu, tukaila pamoja pale mlangoni. Miaka mitatu tulikuwa tukipita mbele yake bila kujua tunapita mbele ya nani.

Najua wazazi wengi hapa wana hofu kwamba mtoto akienda mbali atapotea. Hofu hiyo siidharau. Katika wenzangu wa wakati ule wapo waliobaki huko, wapo walioharibiwa na pombe, yupo aliyerudi akaona haya hata kumwamkia baba yake kwa Kifipa. Na hatari nyingine hazina uhusiano na tabia ya mtu. Mwaka 2023 vijana wa Kitanzania walikwenda Israel kujifunza kilimo kwa vitendo, na wawili kati yao waliuawa katika shambulio la tarehe 7 Oktoba. Walikwenda kutafuta ujuzi kama mimi nilivyokwenda. Mzazi anayesita namwelewa.

Niliporudi nako si kwamba nilipokewa kwa ngoma. Wakati ule walikuwapo wakubwa walioziita digrii za Urusi digrii za bure. Ofisi moja, ambayo sitaitaja, ilikikataa cheti changu kwa kuwa kimeandikwa kwa herufi wasizozijua; nikakitafsiri mwenyewe, wakasema mwenye cheti hawezi kujitafsiria. Ilinichukua miezi saba. Kazi nilipopata, taarifa zangu zilitakiwa kwa Kiingereza, kwa hiyo nikaanza kujifunza upya kwa Kiingereza mambo yote niliyoyajua kwa Kirusi. Kisha nikienda kwa mkulima, Kiingereza hakitakiwi. Siku moja nilisimama kijijini nikaeleza kwa Kiswahili cha ofisini kwamba udongo wao una asidi nyingi. Watu wakapiga makofi kwa adabu. Mzee mmoja akauliza kwa Kifipa maneno hayo yana maana gani, nami nikamjibu kwa Kifipa kwamba udongo umechacha, kama togwa lililokaa siku nyingi. Mkutano ukaamka. Wakaanza kunitajia mashamba yaliyochacha, nani analima wapi, na majani gani huota mahali pa namna ile. Walikuwa na habari ambazo chuo hakikuwa nazo. Hapo ndipo nilipoona nimemaliza masomo, miaka miwili baada ya kupewa cheti.

Nisiwachoshe na habari zangu tu. Mnaopitia Tunduma mnaijua reli ya TAZARA, kilomita 1,860 toka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Mwaka 1972 vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea kazi za reli. Ilibidi wajifunze Kichina, wakati ambapo hapa kwetu hakuna aliyefikiri kwamba Kichina ni lugha ya kusomea. Mwalimu Nyerere alianza shule huko Musoma mwaka 1934 akitoka katika Kizanaki. Kiswahili kilikuwa lugha ya pili, Kiingereza ya tatu, sawasawa na ninyi. Alisoma Edinburgh tangu 1949 mpaka 1952. Na alipokuwa amekwisha kuwa Rais, mwenye kazi za nchi nzima mabegani, alikaa akautafsiri mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar, ukachapishwa mwaka 1963, kisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Alikuwa akituletea nyumbani alichokikuta kule, na papo hapo akionyesha kwamba Kiswahili kinaweza kukibeba.

Hata safari yangu ya Urusi haikuwa ya kwanza. Mwaka 1896 Selim bin Abakari, mtu wa Komoro aliyefuatana na bwana wake Mjerumani, alifika Urusi hadi Siberia, akaisimulia safari yake kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1901 katika kitabu cha Safari za Wasuaheli. Alikwenda kama mtumishi. Lakini alitazama kwa macho yake na akasema kwa lugha yake, na ndiyo sababu tunamjua hata leo.

Na hili nawaambia hasa vijana mnaochekana hapa shuleni mmoja wenu akitamka neno la Kifipa. Mwaka 1962 Mwingereza aitwaye Roy Willis alikuja Ufipa, akakaa kati ya wazee wetu akijifunza maneno yao. Mwaka 1978 alitoa kitabu cha hadithi za Kifipa, na mwaka 1981 kingine cha historia ya nchi hii, Nkansi na Lyangalile. Kwake Kifipa ndicho kilikuwa lugha ya ng'ambo, akaona inafaa kuvukia bahari. Na Profesa Bertram Mapunda, Mtanzania, alipata udaktari wake katika Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, mwaka 1995. Unafikiri aliandika juu ya nini huko Marekani? Aliandika juu ya uyeyushaji wa chuma wa pande zetu hizi za kusini magharibi, pamoja na malungu, zile tanuru za udongo zilizompita mtu kimo, ambazo ninyi mnafungia mbuzi karibu yake.

Sasa ya kufanya. Kwanza ni Kiingereza, kwani ndicho kilicho mbele yenu kila asubuhi. Nimesimama mlangoni pa darasa la kidato cha kwanza kabla ya mkutano huu. Mwanafunzi mmoja alisoma sentensi, akakosea, darasa zima likacheka. Yule hatasoma tena kwa sauti mwaka huu. Pale Moscow hatukuchekana, si kwa sababu tulikuwa watu wema, bali kwa kuwa wote tulikuwa wajinga na tulihitajiana kupata chakula. Jitieni katika hali hiyo. Fanyeni vikundi vya watu wanne, someni kwa sauti nusu saa kila jioni, mkosee, msahihishane, mwendelee. Anayekariri majibu ya mtihani bila kuielewa lugha anajijengea nyumba ya mabua: mvua ya kwanza ya chuo kikuu itaibomoa.

Pili, msifungwe na nchi za Kiingereza tu. Kwa miaka mingi sasa serikali za China, Urusi, Hungary na Algeria zimekuwa zikitoa nafasi za masomo kwa Watanzania, na katika nyingi ya nafasi hizo mwanafunzi huanza kwa kufundishwa lugha. Watu huukimbia mwaka huo wa lugha, wanasema ni mwaka uliopotea. Mimi nasema, kama ningenyang'anywa miaka yangu yote ya Moscow nikaachiwa mmoja, ningeuchagua huo. Siku hizi hata kuanza si lazima kungoja ndege. Sisi tulisikiliza Redio Moscow ikitangaza kwa Kiswahili, mawimbi yakija na kupotea. Ninyi mnayo simu. Kijana anaweza kukaa hapa Msanzi akasikia Kichina au Kifaransa kinavyotamkwa, akajaribu kabla hata hajaomba nafasi.

Tatu, Kiswahili chenu kitunzeni kiwe safi, kwa maana huko nje ni mali. Kilianza kufundishwa Berlin karne ya kumi na tisa, na tangu mwaka 2022 tarehe 7 Julai huadhimishwa duniani kuwa siku yake. Mtu anayekisema ovyo ovyo, nusu Kiingereza nusu mtaani, akiitwa kukifundisha ataona aibu.

La mwisho ni juu ya wakala. Akija mtu hapa, au akikuandikia kwenye simu, akikwambia lipa kwanza upate nafasi ya masomo Ulaya, mwulize jina la chuo, kisha tafuta habari za chuo hicho mwenyewe, au mwombe mwalimu akusaidie. Nafasi za serikali hutangazwa na Wizara ya Elimu, na maombi yake hayapitii mfukoni mwa mtu. Mwaka jana familia moja katika tarafa yetu iliuza ng'ombe watano. Kijana yupo nyumbani, ng'ombe hawapo. Hati ya kuzaliwa, vyeti vya mitihani na pasi ya kusafiria ndivyo vya kuandaa mapema, na hivyo vinapatikana bila kumjua mtu yeyote mjini.

Kamusi yangu ile ya mwaka 1961 nimemkabidhi mwalimu wa maktaba leo asubuhi, pamoja na kitabu cha sarufi. Karatasi zimelegea, na ukurasa wa herufi "K" una doa la supu. Atakayetaka kujifunza Kirusi, nyumba yangu haiko mbali na barabara ya Matai, na jioni huwa nipo.

Ndugu Mwenyekiti, naona kijana mmoja pale dirishani ameinua mkono tangu nilipotaja habari za wakala. Naomba aruhusiwe aulize swali lake.